Sindano ya Salmonella haidungi

Jina "sindano" ndilo lililoleta balaa. Ukiambiwa bakteria Salmonella huingiza protini zake kwenye seli za utumbo kwa mtambo uitwao sindano, papo hapo unaona bomba la nesi: ncha kali, kidole gumba kinasukuma, dawa inaingia.

Dhana: Hutoboa seli na kumimina sumu

Hakuna kimiminika kinachosukumwa humo. Mwaka 1998 watafiti walichapisha picha za hadubini ya elektroni za mtambo huu ukiwa umetolewa mzima kwenye Salmonella: chini pete zinazokaa katika tando mbili za bakteria, juu mrija umechomoza. Mrija wenyewe ni protini moja tu, PrgI, nakala zaidi ya mia zikizunguka kama ukili unaposhonwa kuwa kikapu. Urefu wake ni takriban nanomita 60. Panga 15,000 ncha kwa ncha, bado hujafikisha milimita moja.

Tundu la ndani lina upana wa nanomita 2 hivi, na hapo ndipo penye utamu. Protini iliyojikunja haipenyi. Kimeng'enya InvC, chenye vipande sita na kinachotumia ATP (nishati ya seli), huiandaa huko chini; protini hufumuliwa, ikapita kama uzi kwenye tundu la cherehani, kisha ikajikunja upya ikishaingia kwenye seli. Na ile ncha? Ikigusa seli, protini SipB na SipC hutangulia kutoka. Hizo ndizo zinazojipachika kwenye utando na kufungua njia.

Dhana: Bakteria wote hutumia mtambo huohuo

Mitambo iko ya aina nyingi. Sumu ya kipindupindu hutoka kwa mtambo uitwao aina ya pili: hujikunja kwanza kati ya tando mbili, ndipo ipite lango pana la utando wa nje, ikiwa imekamilika. Ila bakteria huyohuyo wa kipindupindu ana pia aina ya sita, na hiyo kweli inadunga. Ala yake hujikunyata ghafla na kurusha mkuki, mara nyingi kwa bakteria jirani. Aliyetaka kudungwa amtafute huyu.

Dhana: Ni silaha ya maradhi tu

Ng'oa mche wa soya uone vinundu mizizini. Baadhi ya rizobia, bakteria wanaoishi humo, wana mtambo wa jamii ileile ya Salmonella. Kwa baadhi ya soya, protini zinazoingizwa na mtambo huo huwasaidia rizobia kukaribishwa, na kuna soya zinazozitambua na kumfungia mgeni mlango.