Kutolingana kwa Aina za Namba katika Maktaba za Grafu

Katika kompyuta, grafu ni mtandao wa vituo na viungo vinavyoviunganisha, kama ilivyo njia ya mwendokasi hapa Dar es Salaam: Kimara ni kituo, Ubungo ni kituo, na barabara iliyo kati yake ni kiungo. Vituo hivyo hupewa namba, tuseme 1 na 2, ambazo hukabidhiwa maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, ili itafute, kwa mfano, njia iliyo fupi zaidi. Namba zikifika zikiwa za aina isiyotarajiwa, maktaba hugoma na kutoa kosa.

Kwa macho yetu 2 ni 2 tu, lakini katika kumbukumbu ya kompyuta inaweza kuandikwa kama namba kamili ya baiti 4, namba kamili ya baiti 8, au desimali. Maktaba nyingi za grafu, kwa ajili ya kasi, zimeandikwa kwa lugha za programu za C au C++, nazo husoma baiti jinsi zilivyo. Maktaba inayosubiri baiti 8 ikipewa namba za baiti 4 na isigome, basi 1 na 2 zilizofuatana zingesomwa katika kompyuta zetu za kawaida kama namba moja, 8,589,934,593, kituo ambacho hakipo popote. Kwa hiyo kosa lile, ingawa linaudhi, linatukinga na jibu la uongo.

Chanzo mara nyingi kiko mbali na mstari unaolalamikiwa. Katika pandas, maktaba ya lugha ya Python ya kushughulikia majedwali, safu ya namba kamili ikisomwa kutoka kwenye faili ikiwa na nafasi moja tupu, kwa kawaida safu nzima hugeuka desimali. Vilevile, kabla ya NumPy 2.0 (toleo la mwaka 2024 la maktaba ya Python ya hesabu za namba), namba kamili kwenye Windows zilikuwa za biti 32 (yaani baiti 4) pasipo mtumiaji kuchagua, ilhali kwenye Linux ya biti 64 zilikuwa za biti 64 (baiti 8). Programu iliyokubali kwa mmoja ikakataa kwa mwenzake.

Tiba ni kushughulikia kwanza nafasi tupu, kisha kubadili aina kwa kuitaja wazi, mathalani kwa amri astype("int64"), yaani namba kamili za biti 64. Kupunguza kutoka biti 64 hadi 32 kunahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kikomo ni 2,147,483,647, na NumPy huikata namba iliyozidi hapo bila onyo. Anayetumia ramani za jiji letu kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, atakutana na jambo hili, maana vitambulisho (namba za utambulisho) vya nukta zake, ambazo ndizo vituo vya grafu, vilikwishavuka kikomo hicho. Ni salama zaidi kuzipa nukta namba mpya kuanzia 0, na kuhifadhi jedwali linaloonyesha kila namba mpya imetoka kwenye kitambulisho gani.