Tundu la Ozoni Silo Linaloipasha Dunia Joto

Tangu nchi zianze kuwasilisha taarifa zao za uwazi, yaani ripoti za gesi zinazopasha dunia joto, chini ya Mkataba wa Paris wa kimataifa kuhusu tabianchi, maswali yanayotufikia sisi tunaohesabu gesi hizo yameongezeka, na kosa moja linajirudia kuliko yote: eti dunia inapata joto kwa kuwa tabaka la ozoni limetoboka na jua linapenya moja kwa moja. Sivyo. Ozoni hukinga mionzi ya urujuanimno, ile inayodhuru ngozi na macho. Kemikali zilizokuwa zikiila zilidhibitiwa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987, na tabaka hilo linapona taratibu.

Joto lina njia yake. Ardhi na bahari hupokea mwanga wa jua, hupata joto, kisha hulitoa kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Mvuke wa maji, kabonidioksidi na methani hunasa sehemu ya mionzi hiyo na kuirudisha chini. Bila gesi hizo, wastani wa joto duniani ungekuwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya takriban 15 juu yake. Tunazihitaji, basi. Kinachotutia hofu ni nyongeza: kabla ya enzi ya viwanda, kabonidioksidi ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa, leo imepita 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika yanarudi nyuma miaka 800,000, na hakuna mahali yanapoonyesha kiwango kinachokaribia hicho.

Mtajuaje ni binadamu, si volkano? Swali hili lilijibiwa zamani, na inachosha kuliona likirudi kana kwamba halijawahi kuulizwa. Volkano zote kwa mwaka hutoa chini ya asilimia 1 ya kabonidioksidi tunayoitoa sisi. Zaidi ya hapo, makaa ya mawe na petroli vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, na kaboni 14 yake yote, aina ya kaboni inayooza yenyewe kadiri miaka inavyopita, imekwisha oza. Kaboni inayoongezeka hewani ina upungufu huohuo. Na lau jua ndilo lingekuwa chanzo, anga ya juu nayo ingepata joto. Vipimo vinaonyesha stratosfea, yaani anga hiyo ya juu, inapoa.

Wengine hawaamini hesabu zetu, hasa wakisikia kwamba lita moja ya petroli, yenye uzito wa robo tatu ya kilo, hutoa zaidi ya kilo 2 za kabonidioksidi. Uzito wa ziada ni oksijeni iliyovutwa hewani wakati wa kuungua. Kilo moja ya kaboni ikiungua yote huwa kilo 3.67 za gesi.

Hesabu ya nchi hufuata mwongozo wa mwaka 2006 wa Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Kiasi cha shughuli, mathalani tani za makaa zilizochomwa, huzidishwa kwa kigezo cha utoaji, yaani kiasi cha gesi kinachotoka kwa kila tani. Methani huzidishwa tena kwa 28 ili ilinganishwe na kabonidioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Taarifa ya kwanza ilitakiwa ifikapo tarehe 31 Desemba 2024, na nyingine kila baada ya miaka miwili. Nchi zenye maendeleo duni zaidi na visiwa vidogo vinavyoendelea zina hiari ya kuamua lini ziwasilishe. Taarifa ikishapokelewa, wataalamu huipitia na kuainisha mapungufu. Hakuna faini. Kamati iliyoundwa chini ya Ibara ya 15 husaidia, haiadhibu, hivyo uvumi kwamba wananchi watatozwa kodi na Mkataba huo hauna msingi. Kodi ya kaboni, pale ilipo, hutungwa kwa sheria ya nchi yenyewe.

Dodoso la nishati, linalokusanya takwimu za hesabu hiyo, likifika kiwandani, tafadhali andika mafuta yaliyochomwa mwaka huo, si yaliyonunuliwa. Yaliyobaki kwenye tangi yatahesabiwa mwaka yatakapochomwa.