Tumbo la Farasi: Maswali na Majibu kwa Wanaowatunza Uganda

Farasi nchini Uganda si wengi. Utawaona Munyonyo ufukweni mwa Ziwa Victoria, kando ya Nile kule Jinja, na karibu na Ziwa Mburo ambako watalii huwapanda kwenda kutazama pundamilia. Mtu aliyezoea ng'ombe akikabidhiwa farasi, humlisha kwa mazoea yaleyale. Maswali mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Wote wanakula nyasi. Farasi ana tofauti gani na ng'ombe?

Tofauti iko kwenye mpangilio wa matumbo. Nyuzinyuzi za nyasi humeng'enywa na bakteria na vijidudu vingine wanaoishi ndani ya mnyama. Ng'ombe anao mbele, kwenye tumbo la kwanza. Farasi anao nyuma, baada ya utumbo mwembamba. Tumbo lake ni dogo, lita 8 hadi 15 tu, lakini huko nyuma huingia zaidi ya lita 100. Bakteria huchachusha nyasi na kutoa asidi zinazoingia kwenye damu na kumpa farasi nguvu. Anayeishi kwa majani hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa njia hiyo. Ukishaelewa hili la mbele na nyuma, mengine yote yanakuwa mepesi.

Farasi wangu amekonda. Nimuongeze mahindi na pumba?

Anza na majani kwanza. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu kwa siku. Zikiwa mbichi, ambazo sehemu kubwa ni maji, ni kilo 30 na zaidi. Mpimie kwa mizani kabla ya kusema anakula vya kutosha.

Wanga wa mahindi unatakiwa uishie kwenye utumbo mwembamba. Ukizidi, unabaki na kusukumwa nyuma, na huko bakteria wanaopenda wanga huzaliana upesi na kutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huwaua wale wanaomeng'enya nyasi, na wanapokufa sumu zao hupenya kwenye damu. Matokeo ni maumivu makali ya tumbo, kuhara, au kwato kuvimba kwa ndani hadi mnyama ashindwe kukanyaga. Wengi hutibu kwato bila kuuliza jana yake alikula nini. Kiasi salama ni gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, maana yake kama nusu kilo ya mahindi kwa farasi huyo wa kilo 400. Na yakiwa na ukungu, hata punje chache usimpe: kuna ukungu wa mahindi unaoozesha ubongo wa farasi.

Majani ya tembo yanafaa?

Kwa siku chache hayana neno, lakini yasiwe chakula chake pekee. Yana oksalati, inayoshika kalisi, yaani madini ya kujenga mifupa, tumboni. Bakteria wa ng'ombe huivunja mapema kwa sababu wako mbele. Wa farasi wako nyuma, na kalisi huwa imeshapotea. Baada ya miezi mifupa ya uso huvimba na mnyama huchechemea. Nyasi ya Rhodes iliyokaushwa vizuri ni bora zaidi.

Chakula cha kuku kilichobaki je?

Hapana, hata kidogo. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa iitwayo monensini, nayo huua moyo wa farasi.

Mtoto wa farasi anakula mavi ya mama yake. Ana minyoo?

Si lazima. Katika wiki za kwanza ndivyo anavyopata bakteria wa kuanzia. Mwache.

Mvua zikianza nibadilishe chakula mara moja?

Badilisha polepole, kwa siku 10 hadi 14, ukichanganya kidogo kidogo cha zamani na kipya. Bakteria waliozoea nyasi kavu hawawi tayari kwa majani machanga kwa usiku mmoja. Baada ya dawa za antibiotiki pia usibadilishe chochote kwa haraka, maana zimeshaua wengi wao.

Nikimkuta anagaagaa na kutazama ubavu wake?

Mwondolee chakula, mwachie maji, na umwite daktari wa mifugo papo hapo. Usimnyweshe soda wala mafuta kwa chupa. Ni rahisi kumwingia mapafuni. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo gesi na chakula vilivyojaa havina njia ya kurudi juu.

Sisi Kapchorwa tuna punda, si farasi. Yanatuhusu?

Yanawahusu. Matumbo yao yamepangwa vilevile, ila punda huridhika na majani makavu duni na huhitaji chakula kidogo zaidi. Pumba nyingi humnenepesha vibaya. Punda mnene akiacha kula, mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na kuharibu ini. Akipitisha siku nzima bila kula, hata kama hagaagai, mwite daktari.