Kaboni faiba ni nini hasa?

Kwenye gereji za Mwanjelwa hapa Mbeya hukosi gari lenye boneti nyeusi ya mirabamiraba, na mwenyewe atakuapia kuwa ni kaboni faiba. Tafuta sumaku ya spika mbovu uiweke juu. Ikinasa, chini kuna bati, na hiyo miraba ni stika.

Kaboni faiba halisi ni kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Kiwandani huanza na nyuzi za plastiki, nyingi zikiwa za poliakrilonitrili. Hupashwa moto hewani kwenye sentigredi 200 hadi 300, kisha huingia tanuri lisilo na oksijeni, joto likipanda kupita 1,000. Bila oksijeni haziungui. Vingine vyote hutoka kama gesi, ikabaki karibu kaboni tupu. Uzi mmoja una unene wa mikromita 5 hadi 10, mwembamba kuliko unywele. Maelfu yake hufumwa, kitambaa hupangwa tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, hulowa resini, ndiyo ile gundi, na kupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka kikauke kabisa.

Nguvu yake hufuata uzi ulikoelekea, kama mbao za Mafinga zinavyofuata nyuzi za mti: ivute kwa urefu haikatiki, ielekeze kombo inapasuka. Ndiyo maana mhandisi hupishanisha tabaka, akiziongeza pale tu panapobeba mzigo. Na kwa ujazo uleule, chuma ni kizito karibu mara 5.

McLaren, watengenezaji wa magari wa Uingereza, walijenga kiunzi kizima cha gari la mashindano ya Formula 1 kwa kaboni mwaka 1981, na mwaka 1992 wakatoa gari la barabarani la namna hiyo. BMW i3 ya 2013, gari la umeme, ilipewa kibanda cha abiria cha kaboni ili kufidia uzito wa betri. Lakini kwenye Series 7 ya mwaka 2015, BMW hao hao waliweka vipande tu vya kaboni katikati ya chuma na alumini. Mimi naona magari ya kifahari yajayo yatafuata njia hii ya mchanganyiko, kwa sababu kaboni ni ghali na kuipika huchukua muda. Kilo zikipungua, gari hupanda mlima Kitonga kwa nguvu kidogo, na likishuka breki hazichemki upesi.

Shida ni ikigongwa. Bati likibonyea, fundi wetu hulinyoosha kwa nyundo, akapaka puti na rangi, kazi imekwisha. Kaboni hainyooshwi. Hupasuka, au tabaka huachana ndani huku juu pakiendelea kung'aa. Wenye ujuzi hugongagonga kwa sarafu taratibu: palipo pazima hulia kwa ukali, palipoachana hutoa sauti butu. Hapo hukatwa na kuungwa upya tabaka kwa tabaka, au kipande kizima kinaagizwa kingine.