Je, wajua kwa nini chemshabongo ya Waingereza, ile ya kujaza majibu ya vidokezo kwenye miraba, herufi moja kila mraba, si kitendawili?

Tazama kidokezo hiki: "HIJKLMNO (5)". Basi, hakina zaidi ya hapo. Jibu lake ni WATER, yaani maji. Herufi zilizopangwa zinaanzia H na kuishia O, na Mwingereza akisema "H to O" sikio linasikia H2O. Kuna kingine kinachopendwa vilevile: "Gegs (9,4)". Hizo ni herufi za EGGS zilizovurugwa, kwa hiyo jibu ni SCRAMBLED EGGS, mayai ya kuvuruga. Tarakimu za kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu.

Mimi nilianza na hivyo viwili, na ndivyo vilivyonipoteza. Niliamini kwamba chemshabongo za aina hii, zinazoitwa kriptiki, ni vitendawili vilivyovaa suti. Nikakaa na gazeti lao, penseli mkononi, nikisoma kila kidokezo kama mtu aliyeambiwa "Nyumba yangu haina mlango" na anayesubiri yai lijitokeze lenyewe kichwani. Halikujitokeza. Saa nzima ilipita nikiwa na neno moja, na hilo nalo baadaye likaonekana si lenyewe.

Ni kosa linaloeleweka, hasa kwetu tuliolelewa na "Kitendawili! Tega!" Kitendawili hukupa picha na kukuachia uione nyingine ndani yake: nyumba isiyo na mlango, yai. Mashairi ya fumbo ni hivyohivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa anapofumba, chini ya maana kuna maana, na msikilizaji anayezama ndiye anayeokota. Kwa hiyo nami nilikuwa nazama. Kidokezo kikitaja mvuvi, namuwaza mvuvi, nyavu zake, ngalawa yake, subira yake. Lakini katika kriptiki mvuvi hayupo kabisa. Sentensi nzuri unayoisoma ni chambo, na kadiri unavyoielewa vizuri ndivyo ndoana inavyokuingia. Anayefumbua huacha kuuliza "hii ina maana gani?" akaanza kuuliza "hii imekatwa wapi?"

Imekatwa wapi? Hapo ndipo kazi yote ilipo. Fikiria umepotea kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, unatafuta nyumba. Watu wawili wanakuelekeza. Mmoja anakwambia nyumba ilivyo: ina mlango wa njumu na baraza ndefu. Mwingine hana habari na sura yake, anakupa njia tu: kata kushoto, pita msikiti, kata kulia. Ukifuata maelezo yao vizuri, wote wawili watakufikisha mlango uleule. Kidokezo cha kriptiki ni hao wawili. Sehemu moja ni fasili ya jibu, kama ya kamusi. Sehemu nyingine ni maelekezo ya kuliunda jibu hilo kwa herufi. Udhia ni kwamba wanaongea kwa pumzi moja, bila kituo, na sauti zao zinafanana. Hujui wa kwanza kanyamaza wapi na wa pili kaanzia wapi.

Ila una msaada mmoja: anayeeleza sura ya nyumba husema mwanzo au mwisho, kamwe si katikati. (Vipo vidokezo vichache ambavyo sentensi nzima hufanya kazi zote mbili, hivyo watungaji huringia sana.) Sasa rudi kwa HIJKLMNO. Fasili iko wapi? Haipo. Vidokezo vinavyosimuliwa zaidi ndivyo vinavyovunja kanuni, na mgeni anayevichukua kuwa kipimo ataondoka akidhani mchezo mzima ni kubahatisha.

Tujaribu kwa Kiswahili. Nimejitungia mwenyewe, kwa hiyo lawama ni zangu. "Kamasi zavurugika, apatikana mkazi wa bahari (6)." Fasili iko mwisho: mkazi wa bahari. "Zavurugika" ni amri ya kuchanganya herufi za neno lililotangulia. K-A-M-A-S-I ukizichanganya utapata SAMAKI. Hazizidi wala hazipungui, unaweza kuhesabu.

Au huyu abiria wa bodaboda: "Mwendo mkali ndani ya 'Kaka, simama!' (4)". Msomaji huona pikipiki inakwenda mbio na mtu anapiga kelele. Mfumbuaji haoni pikipiki. Anaona "ndani ya", analichukua neno kwa neno, anafuta mkato na nafasi, kisha anasoma KAKASIMAMA pole pole hadi KASI inajitokeza katikati. Alama za uandishi katika mchezo huu ni mashahidi wa uongo, usizisikilize.

Historia yake naipitia upesi. Chemshabongo ya kawaida ilibuniwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ikachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Waingereza waliipokea, kisha wakaipinda. Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la Observer mwaka 1926, akijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania iliyotesa watu. Alipofariki mwaka 1939, aliyemfuata alijiita Ximenes, mkuu mwingine wa mahakama hiyohiyo. Aliyeshika mwaka 1972 akajiita Azed: soma kwa kurudi nyuma utapata Deza, naye ni mkuu wa mahakama hiyo. Hakuna anayeweza kudai hakuonywa.

Nayempenda zaidi ni Alistair Ferguson Ritchie, aliyetia sahihi Afrit. Ni herufi zake, A. F. Rit, na pia ni afriti, neno ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa. Mwaka 1949 afriti huyu aliandika sheria ya uadilifu ambayo watungaji wanaitaja hadi leo: mtungaji si lazima amaanishe anachosema, lakini ni lazima aseme anachomaanisha. Apotoshe atakavyo, ila ukirudi kukagua neno kwa neno, ukute hakudanganya.

Nilidhani sheria hiyo ni rahisi mpaka nilipotunga hiki: "Bandarini pana udokozi wa kiungo cha chai (9)". Bandari ni Tanga. Udokozi ni wizi, hata kama mdogo. Kiungo cha chai ni TANGAWIZI. Nilijipongeza siku mbili. Ya tatu nikaiona ile "ni" ya "bandarini". Tanga ni bandari, si "bandarini". Silabi moja imeingia bila kibali, na kwa Ximenes, aliyekuwa mkali wa kanuni, hiyo ni hukumu. Nikabadili: "Bandari yakumbwa na udokozi wa kiungo cha chai". Sasa kila neno lina kazi yake.

Kuna hadithi kwamba chemshabongo hizi zilishinda vita. Kilichopo ni hiki: Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la kufumbua chini ya dakika 12, na baadhi ya walioshiriki waliitwa baadaye kuvunja misimbo ya Wajerumani huko Bletchley Park. Baadhi tu. Kituo kilikuwa na maelfu ya wafanyakazi, na kutoka shindano moja hadi ushindi wa vita ni safari ndefu kuliko wasimuliaji wanavyokubali.

Kiswahili kina mali nyingi ya mchezo huu, na tatizo moja: karibu maneno yetu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo mraba wa mwisho wa kila jibu una uwezekano wa herufi tano tu. Hiyo ni siri inayovuja kabla hujaanza. Kwa upande mwingine, maneno yenye maana mbili tunayo ya kumwaga. Nilimjaribu shangazi yangu kwa hiki: "Mnyama juu ya nyumba (3)". Jibu ni PAA, mnyama wa jamii ya swala na pia kinachofunika nyumba.

"Paka," akasema, bila kuacha kuchambua mchele.

"Herufi tatu, shangazi. Paka ana nne."

"Basi kakatwa mkia."

Nikacheka, kisha nikanyamaza. Watungaji wa Uingereza hufanya hivyohivyo: wakitaka kuondoa herufi ya mwisho ya neno, huandika kwamba limekatwa mkia.