Kuhuisha kitovu cha jiji ni kufanya nini hasa?

Maneno haya husikika sana kwenye mikutano ya kaunti na kwenye mabango ya miradi. Aghalabu anayeyatamka huwa na maana ya kupaka rangi kingo za barabara, kuweka vyungu vya maua na kuwafukuza wachuuzi. Wiki mbili zikipita, maua yamekauka na wachuuzi wamerudi. Huko si kuhuisha.

Huisha ni neno lenye undugu na hai na uhai. Unahuisha kilichofifia, kilichobaki na pumzi kidogo. Kitovu cha jiji, ambacho Nairobi tunakiita tao, ni ile sehemu kongwe ambako jiji lilianzia: ofisi, maduka, vituo vya matatu, misikiti, makanisa, maktaba. Basi kuhuisha kitovu ni kazi ya miaka mingi ambapo wote wenye haja na sehemu hiyo, yaani wenye majengo, wapangaji, wachuuzi, vikundi vya vijana, waumini, watu wa matatu na serikali yenyewe, wanakubaliana kuirudishia mvuto ili mtu atake kuja, akae, anunue, na kesho arudi. Ukarabati wa jengo moja ni kipande tu cha kazi hiyo. Usafi wa siku moja ni kipande kidogo zaidi.

Kwa nini kitovu hufifia? Nairobi, mji ulioanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ni mfano mzuri. Sarit Centre, jengo la maduka mengi, ilifunguliwa mtaani Westlands, nje ya tao, mwaka 1983, na baada yake maduka makubwa yakaota kila upande wa jiji. Benki, mashirika na ofisi nyingi zikahamia Upper Hill na Westlands. Mlipuko wa bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998, uliua watu zaidi ya 200 katikati ya jiji na kuacha hofu. Mwenye gari akaanza kulikwepa tao. Aliyebaki ni yule anayeshuka matatu moja na kutembea hadi nyingine, na jiji likamchukulia huyo kama mpita njia, si mteja wala mwenyeji.

Swali gumu ni nani alipe. Mwaka 1970 wenye maduka wa Bloor West Village, Toronto, walikuwa wameshachoka: wachache wanachanga, wote wanafaidi taa na maua. Wakaomba sheria ya kumtaka kila mwenye biashara wa eneo hilo atoe mchango, na utaratibu huo umeigwa katika nchi nyingi. Marekani walikuja na njia nyingine. Mwaka 1977 shirika la kuhifadhi majengo ya kale lilichagua miji mitatu midogo, Galesburg, Madison na Hot Springs, kujaribu kuokoa barabara kuu zilizokuwa zikinyauka kwa sababu ya maduka ya pembeni mwa barabara za magari. Walichojifunza kinanigusa hadi leo: majengo ya kale yalitunzwa vizuri pale biashara za ndani yake zilipokuwa zinaenda, na palihitajika mtu mmoja wa kulipwa ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwakutanisha wengine. Bila mtu huyo kila kikundi huvuta kamba upande wake.

Nairobi, wafanyabiashara wa kati ya jiji waliunda chama chao, NCBDA, mwaka 1997. Kati ya mambo yote yaliyofanyika tao miaka ile, mimi huanza na vyoo. Vyoo vya umma vilikuwa mahali pa kuogopwa: giza, uvundo, na nafasi nzuri ya kuporwa. Mtu akibanwa, alilazimika kuagiza chai asiyoitaka hotelini ili apate ruhusa ya kuingia msalani. Miaka ya 2000 ilipoanza, wafanyabiashara na halmashauri ya jiji walishirikiana kuvikarabati, na uendeshaji wa baadhi ukawekwa mikononi mwa vikundi vya vijana. Ulitoa shilingi chache mlangoni, ukakuta maji na sabuni, na kijana aliyeshika ufagio alikuwa na sababu ya kesho kuja tena. Mama aliyekuja tao na watoto wawili kununua sare za shule akaweza kukaa saa mbili zaidi. Huko ndiko kuhuisha, hata kama hakupendezi kwenye picha.

Pale ambapo kundi moja linaachwa nje ya meza, mambo huharibika. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi watoke barabarani. Wengi walirudi, wakaendelea kukimbizana na kanjo, yaani askari wa jiji, kwa sababu mteja wa mchuuzi ni yule anayepita njiani, na huyo hakuhama pamoja na meza yake. Mchuuzi angeulizwa mapema, angelisema hilo kwa sentensi moja.

Wakati mwingine kuhuisha ni kukataa. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa wakazi na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee mwaka 1906. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijengea maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, Wangari Maathai akiwa upande wake, na mpango ukafa. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi baadaye, saa za chakula cha mchana bustani ile imejaa wahubiri, wapiga picha, wabishani wa siasa, na vijana waliolala kwenye nyasi bahasha za vyeti zikiwa chini ya vichwa vyao. Hapana duka lolote lingewapa nafasi bure.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Barabara ya Banda, jirani na Msikiti wa Jamia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Baadaye ikawa ya wote, lakini ikazeeka bila matunzo. Mwaka 2017 mchapishaji Angela Wachuka na mwandishi Wanjiru Koinange walianzisha Book Bunk, shirika la kuhuisha maktaba za umma, wakafanya makubaliano na kaunti. Hawakuanza kwa kubandika vigae. Walianza kuorodhesha vitabu na kupanga nyaraka na magazeti ya tangu ukoloni, na ukarabati wakautanguliza kwenye matawi ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya Eastlands ambako wengi wa wanaoingia tao kila asubuhi ndiko wanakolala. Makubaliano hayakuwauzia kitu: majengo na vitabu vimebaki mali ya umma, na wakutubi wa kaunti wamebaki kazini.