Pumzi ya maandishi ya kaburi

Kazi yangu ni kuchonga maandishi ya kumbukumbu. Karatasi nyingi ninazoletewa na familia zina tatizo moja: hazijaamua nani anasemeshwa. "Alikuwa nguzo yetu. Hatutakusahau kamwe." Sentensi ya kwanza inawaambia wapita njia habari za marehemu, ya pili inamgeukia marehemu mwenyewe. Ukisoma kimoyomoyo huoni kitu. Soma kwa sauti, utajikwaa. Andika "Ulikuwa nguzo yetu", au sivyo "Hatutamsahau".

Mikato na nukta huja baadaye, tena michache. Kwenye jiwe, mwisho wa mstari tayari ni pumziko, kwa hiyo huwa sichongi mkato hapo. Ila mstari ukatwe pale msomaji anapovuta pumzi:

ALIISHI
KWA AJILI YA WENGINE

Kuna aliyeniletea "ALIISHI KWA AJILI YA" juu, "WENGINE" peke yake chini, eti mistari ijae vizuri. Nilimsihi abadilishe. Ile "ya" iliyoachwa ikining'inia ingemsumbua kila anayekuja kuomboleza.

Alama nisiyoikubali iachwe ni ile ya ng'. INANG'AA bila alama yake husomeka vingine kabisa, na jina la mtu lenye ng' likikosewa, umemnyima jina lake.

Tarehe: andika mwezi kwa neno. 3/4/1941 kwa wengi ni Aprili, Marekani ni Machi.

Kinachoniogopesha zaidi ni kufupisha ili maneno yaenee. Martin Luther King Jr., katika mahubiri ya Februari 1968, alisema kwamba kama watu watataka kumwita kiongozi wa bendi, basi waseme alikuwa kiongozi wa bendi ya haki, ya amani, ya uadilifu. Kwenye mnara wake wa Washington, uliofunguliwa 2011, ile "kama" ilidondoshwa. Ikabaki "Nilikuwa kiongozi wa bendi ya haki, amani na uadilifu". Unyenyekevu ukageuka majigambo, na mshairi Maya Angelou akalalamika waziwazi. Mwaka 2013 maneno yale yakafutwa kwa kuchongewa mifereji juu yake.

Kwa hiyo nafasi ikibana, naomba familia iondoe sentensi nzima. Maneno ya marehemu mwenyewe siyapunguzi hata silabi.